Sanduku Juu ya Kabati

Somo la juma hili: Yeremia 29:4–14

Wapendwa katika Kristo, Bwana Yesu asifiwe.

Kwa miaka tisa sanduku langu la safari lilikaa juu ya kabati, likiwa limejaa nusu. Ndani yake mlikuwa na vitenge viwili ambavyo havijashonwa, shuka jipya la mama, viatu nilivyomnunulia mdogo wangu ambavyo sasa havimwingii tena, na bahasha yenye nakala za vyeti vyangu. Kila nilipopiga simu nyumbani Machame, Kilimanjaro, nikaulizwa nitarudi lini, nilijibu, "Mwakani, Mungu akipenda," nami sikuwa ninadanganya. Kwa kuwa nilikuwa ninarudi mwakani, sikununua kitanda, nililala kwenye godoro lililotandikwa sakafuni. Sikuyajua majina ya majirani tuliopandana nao ngazi kila siku. Sikujiandikisha katika usharika wowote hapa Leipzig, Ujerumani. Jumapili niliifuata ibada ya usharika wa nyumbani kwenye simu, alfajiri, kabla huku hakujapambazuka, kisha nikalala tena.

Wenzangu wa Kilimanjaro wanajua jinsi Desemba inavyouma. Nyumbani ndio mwezi wa kurudi: mabasi kutoka Dar es Salaam yanapanda yakiwa yamejaa, kila kihamba, yaani shamba la ukoo lenye migomba na nyumba, kina moshi na kelele za watoto ambao hawajaonana tangu mwaka uliopita, na wazee wanawahesabu waliofika na wasiofika. Huku Desemba jua linazama saa kumi jioni. Mimi ninafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, na katika zamu za mwezi huo naingia kazini gizani na kutoka gizani, hata zikapita siku kadhaa sijaona kivuli changu.

Baba alipofariki sikuweza kusafiri. Mazishi niliyafuata kwenye simu, nikiwa nimesimama katika chumba cha kubadilishia nguo kazini. Binamu yangu aliinua simu yake juu ya vichwa vya watu, nikaiona migomba, nikaliona kaburi limechimbwa kando ya kaburi la babu, nikaisikia kwaya ikianza. Wakati wa kuweka udongo mshereheshaji alisoma majina ya watoto wa marehemu kwa kufuatana, na lilipofika langu akasema, "Yuko Ujerumani, anawakilishwa na mdogo wake." Mdogo wangu, ambaye alikuwa amekwisha kuweka udongo wake, akainama mara ya pili, akachota mwingine, akauweka kwa ajili yangu. Hapo picha ikaganda, na iliporudi watu walikuwa wanaweka mashada. Nililia. Kisha nikavaa sare, nikaenda kumlisha mzee wa chumba cha mwisho, kwa sababu saa ya chakula ilikuwa imefika.

Usiku ule nilijiuliza ninaishi wapi, nami sikuwa na jibu. Machame nilikuwa ninawakilishwa, na Leipzig nilikuwa abiria aliyekaa stendi miaka tisa.

Ndipo nilipoirudia barua ya nabii Yeremia kwa mateka waliokuwa Babeli, na naomba tuisome pamoja juma hili kama barua iliyoandikwa kwa watu, maana ndivyo ilivyo. Mwaka 597 kabla ya Kristo Nebukadreza alimchukua mfalme Yekonia kwenda Babeli, pamoja na mama yake, wakuu, mafundi na wahunzi. Hekalu lilikuwa bado limesimama Yerusalemu. Waliochukuliwa walikuwa na jamaa nyumbani, walikuwa na mashamba nyumbani, na kwa hiyo kutumaini kwamba wangerudi upesi hakukuwa upumbavu. Tena walikuwepo manabii waliowatia moyo katika tumaini hilo. Katika sura ya 28 nabii Hanania anaitwaa kutoka shingoni mwa Yeremia nira aliyoivaa kama ishara ya kuutumikia utawala wa Babeli, anaivunja mbele ya makuhani na watu wote, na kutangaza kwamba katika miaka miwili kila kitu kitarudi mahali pake. Yeremia anaandika miaka sabini. Mtu mzima aliyesikia sabini alielewa mara moja kwamba angezikwa Babeli.

Mstari wa 11 wa sura hii tunaupenda sana. Tunautundika ukutani, tunautuma kwa wanafunzi wanaofanya mitihani: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya." Mara chache sana nimemsikia mtu akiusoma pamoja na mstari wa 10, wenye miaka sabini, ingawa ni pumzi moja. Ahadi ile ilitolewa kwa watu ambao wengi wao hawangeiona nyumbani tena, na Mungu hakuwaficha.

Na kabla ya ahadi hiyo barua inatoa maagizo, nayo ni ya kawaida kabisa. "Jengeni nyumba, mkakae ndani yake, kapandeni bustani, mkale matunda yake." Nilikuwa nimeyasoma maneno hayo tangu darasa la kipaimara bila kuyasikia. Anayerudi mwakani hajengi. Anayerudi mwakani hapandi mti wa matunda, kwa sababu mti unadai miaka. Hanania aliwapa watu wa Mungu sababu ya kutopanda chochote, nami nilikuwa nimelishika fundisho lake kwa uaminifu kuliko nilivyolishika la Yeremia: kila mwaka nilivunja nira moyoni, na kila mwaka nikajikuta nimeivaa.

Je, waliipokea barua ile? Kuna mabamba ya udongo, zaidi ya 100, yaliyoandikwa kwa Kiakadi, lugha ya kale ya Babeli, katika vijiji vya nchi hiyo, kimojawapo kikiitwa Al-Yahudu, yaani mji wa Yuda. La zamani zaidi ni la mwaka 572 kabla ya Kristo, miaka kama 15 tu baada ya Yerusalemu kubomolewa. Yaliyoandikwa humo ni mambo ya shamba na deni: nani anadaiwa shayiri kiasi gani, nani atalipa kwa tende wakati wa mavuno, nani amekodi ardhi, na baba akifa urithi unagawanywaje kwa wanawe. Hakuna zaburi humo. Lakini ukiyatazama majina ya wale wadeni na mashahidi, mengi yamebeba jina la Bwana ndani yake, hata majina ya watoto waliozaliwa hukohuko na wasioijua Yuda. Mwandishi wa Kibabeli aliandika deni la shayiri, na bila kukusudia akaandika kwamba katika nyumba ile mtoto alipozaliwa waliliita jina la Mungu wa baba zao. Zaburi ya 137 inauliza, "Tuuimbeje wimbo wa Bwana katika nchi ya ugeni?" Wapo waliotundika vinubi. Wapo pia waliolima tende na kuwapa watoto wao majina, na mimi naamini nao walikuwa wanaimba.

Sasa niwaambie habari za jirani yangu. Ni bibi wa miaka zaidi ya themanini, anakaa chini yangu. Huku mtu akiletewa kifurushi naye hayupo, jirani hukipokea, na hivyo ndivyo tulivyoanza kusalimiana. Siku moja alipanda kuniletea cha kwangu, akasimama mlangoni, akaliona godoro sakafuni na sanduku juu ya kabati. Akaniuliza kama ninasafiri. Nikamwambia la, si sasa, labda mwakani. Alinyamaza kidogo, akaomba kiti.

Alizaliwa Silesia, jimbo lililokuwa la Ujerumani, karibu na mji uliokuwa unaitwa Breslau, ambao baada ya vita ulikuja kuwa Wrocław ya Poland. Mwaka 1946, akiwa na umri wa miaka saba, yeye na mama yake waliondolewa pamoja na maelfu ya wengine, kila mmoja na alichoweza kubeba. Walipewa chumba kimoja huku Saxony, jimbo la Leipzig. Mama yake aliamini kwamba mambo yangetengemaa na wangerudi, kwa hiyo sanduku halikufunguliwa lote. Lilikaa chini ya kitanda likiwa na mashuka na ufunguo wa nyumba yao. Hakutaka kununua meza, wakala juu ya kasha. Kila masika binti aliomba wapande japo maua dirishani, na mama akajibu kwamba hakuna haja, watakuwa wameondoka kabla hayajachanua. Mama huyo alifariki mwaka 1971. "Ufunguo ninao mimi," bibi akaniambia, "lakini sikumbuki mama akicheka."

Hakuniambia neno la mafundisho, na wala si mtu wa kanisa. Hapa Leipzig watu walio wengi hawamo katika kanisa lolote. Aliinuka, akashuka ngazi akishika ukuta. Mimi nilibaki nimeketi palepale, nikaona kwamba barua ya Yeremia imeletwa kwangu kwa mkono wa jirani, pamoja na kifurushi.

Jumamosi iliyofuata nilinunua kitanda. Na masika yalipofika bibi aliniomba nimsaidie bustani yake, maana magoti yamemchosha. Mji huu umejaa viwanja vidogo vya bustani vya vyama, vyenye uzio mfupi na kibanda, ambavyo watu wa maghorofani hukodi walime. Vimekuwepo tangu karne ya 19. Mbegu za mchicha nilizipata katika duka moja la Mkongo, mtaa wa Eisenbahnstraße. Nilitaka kuzipanda mwezi wa Aprili, siku ya kwanza yenye jua la kweli, naye akanikataza: huku hawapandi mboga laini kabla ya katikati ya Mei, kwa sababu kuna usiku wa baridi kali ambao hurudi mwisho mwisho na kuua kila kitu kilichochipua. Nikangoja. Nilipouingiza mkono katika udongo ule nilishtuka jinsi ulivyo mweusi na baridi, si kama wetu mwekundu wa kule mlimani. Nikamkumbuka mdogo wangu alivyoinama mara ya pili. Nilipiga magoti kwa muda, bibi akaniacha.

Mstari wa 7 ndio unaonishughulisha zaidi siku hizi: "Kautakieni amani mji ule, ambao nimewafanya mchukuliwe mateka, mkauombee kwa Bwana, kwa maana katika amani yake mji huo ninyi mtapata amani." Hakuna mahali walipoambiwa wausifu mji, wala wausahau uovu wake, jeshi la mji huo ndilo lililowatoa kwao. Waliambiwa wauombee. Katika kanisa la Mtakatifu Nikolai hapa mjini, tangu mwaka 1982, watu hukutana kila Jumatatu saa kumi na moja jioni kuomba amani. Walianza wachache. Tarehe 9 Oktoba 1989, baada ya maombi, watu kama 70,000 waliingia barabarani na mishumaa mbele ya askari wenye silaha wa serikali ya kikomunisti ya Ujerumani Mashariki, na hakuna risasi iliyopigwa. Mwezi mmoja baadaye ukuta wa Berlin ukafunguliwa. Maombi yale yanaendelea mpaka leo. Kwa miaka tisa nilipita na tramu karibu na kanisa lile, na saa ile ya Jumatatu nilikuwa ninaangalia bei za nauli. Sasa zamu ikiniruhusu huwa nakwenda, nikakaa viti vya nyuma, nikawataja kwa Mungu madereva wa tramu, wazee wangu kazini, watoto wa ngazi yetu, na pia wale wanaotuangalia vibaya barabarani, maana wapo, nao ni wa mji huu.

Mwaka 1893 wamisionari waliotumwa kutoka Leipzig walifika Machame. Walijenga nyumba wakakaa ndani yake, wakajifunza Kichaga, wakawafundisha watu kusoma. Yako mengi ya kuzungumza juu ya nyakati zile na utawala wa kikoloni uliokuwa pamoja nao, na si kazi ya tafakari hii. Ila naliwaza jambo moja nikiwa kanisani Jumatatu: imani niliyonayo ilipandwa kwetu na watu waliokuwa mbali na kwao, nami nimeileta tena mjini kwao nikaifungia sandukuni.

Nisieleweke vibaya. Najua baadhi yenu mnaosoma hamkuchagua kuondoka. Mlikimbia, na wengine bado mnangoja karatasi ambayo bila hiyo hamwezi kukodi hata chumba. Sitathubutu kuwaambia mjenge. Na wala kupanda huku si kung'oa kule. Yeremia yuleyule, Yerusalemu ikiwa imezingirwa na majeshi, alinunua shamba la binamu yake huko Anathothi kwa shekeli kumi na saba za fedha, akaitia hati katika chombo cha udongo ili idumu siku nyingi. Kihamba chetu kipo, na mimi ni wa kihamba hicho. Nimeomba nikifa nikazikwe kando ya baba, na ndugu zangu wanajua.

Sanduku nalo nimelishusha. Vitenge vimeshonwa, navaa kimoja kanisani. Shuka na viatu nilivituma kwa mtu aliyekuwa anakwenda. Viatu amepewa mtoto wa jirani.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, nilimpigia mama simu ya picha nikiwa bustanini. Hakuniuliza nitakuja lini. Alisema, "Hebu shusha simu niuone huo mchicha." Nikaishusha. Akautazama kwa muda mrefu, nikasikia kuku wake wakilia nyuma yake. "Umeubananisha mno, mwanangu," akasema. "Punguza, mingine ipate nafasi. Hiyo unayong'oa usiitupe, mpelekee yule bibi apike." Nikaiegemeza simu kwenye debe la maji ili aendelee kuona, nikainama, nikaanza kupunguza, naye akinielekeza mche kwa mche.