Sanamu Mbili za Srirangam

Katika kisiwa kilicho kati ya mto Kaveri na mkono wake uitwao Kollidam, karibu na mji wa Tiruchirappalli kusini mwa India, lipo hekalu la Srirangam, ambamo Vishnu, mmoja wa miungu wakuu wa Wahindu, huabudiwa kwa jina la Ranganatha, akiwa amejilaza juu ya nyoka mkubwa. Eneo lake ni hekta 63 hivi, limezungushiwa kuta saba, moja ndani ya nyingine, na kati ya zile za nje wamo watu wenye nyumba na maduka yao. Lango lake kuu la kusini, lenye kimo cha zaidi ya mita 70, lilikaa takriban miaka 400 bila kumalizika hadi mwaka 1987. Hata hivyo, kinachonivuta mimi ni sanamu mbili.

Ya kwanza ni hiyo kubwa iliyolala, ambayo haiondoki mahali pake. Husimuliwa kwamba Rama, shujaa wa utenzi wa Ramayana, baada ya kumshinda Ravana mfalme wa Lanka, alimtunukia sanamu hiyo Vibhishana, ndugu ya Ravana aliyekuwa upande wa Rama, akamwonya asiiweke chini kabla ya kufika kwao. Vibhishana alipofika Kaveri alitaka kuoga na kusali, akamshikisha sanamu mvulana aliyemkuta ukingoni, kumbe ni Ganesha, mungu mwenye kichwa cha tembo. Mvulana akaitua, nayo haikung'oka tena. Vibhishana kwa hasira alimfukuza hadi juu ya mwamba wa Tiruchirappalli akampiga kwenye paji la uso, na waumini husema alama ya pigo hilo ingalipo kwenye sanamu ya Ganesha iliyoko huko kileleni. Ili kumtuliza Vibhishana, Vishnu aliahidi kulala akielekea kusini, iliko Lanka. Ndiyo maana hekalu hili limeelekea kusini, ilhali mahekalu mengi ya Kihindu huelekea mashariki.

Sanamu ya pili ni ndogo, ya kutembezwa wakati wa sikukuu, na hii iliyajua mashaka ya njiani. Mwaka 1311 Malik Kafur, jemadari wa sultani wa Delhi, alilivamia eneo hilo, na mwaka 1323 likaja jeshi jingine. Mwalimu mzee wa dini, Pillai Lokacharya, alitoroka na sanamu hiyo, akafia safarini, huku chumba cha sanamu kubwa kikizibwa kwa ukuta. Ile ndogo ilihamishwa huku na huku, ikahifadhiwa pia Tirupati, mji wenye hekalu jingine la Vishnu, hadi Gopana, jemadari wa Vijayanagara, dola ya Kihindu ya kusini mwa India, alipoirudisha mwaka 1371.

Kuna hekaya kwamba binti wa sultani aliipenda sanamu hiyo hata akaifuata hadi Srirangam. Kama historia, siwezi kuitegemea. Lakini wenyeji humwita Thulukka Nachiyar, yaani bibi wa Kiislamu, wamemchora ndani ya hekalu, na kwa heshima yake mungu wao huandaliwa chapati. Nastaajabia watu walioporwa kumtengea nafasi binti wa aliyewapora.

Sanamu iliporudi, karibu miaka 50 ilikuwa imepita, na waliobaki hawakuwa na hakika kama ndiyo yenyewe. Akaletwa dobi mmoja, mzee kipofu, aliyekuwa akifua nguo za sanamu hiyo zamani. Sanamu ikaogeshwa, mzee akapewa maji yaliyokamuliwa kwenye nguo yake, akayaonja, akapaza sauti: "Namperumal!" Maana yake ni "Bwana wetu", na jina hilo ndilo inaloitwa hadi leo.