Mafundo 56: Siku Yangu ya Kutunga Lulu Kisumu

Nikimwambia mtu kwamba kazi yangu ni lulu, kwanza ananitazama shingoni, kisha vidoleni. Haoni kitu. Huko shuleni kwa watoto wangu walimu wanajua nauza shanga. Jirani mmoja aliwahi kumuuliza mume wangu kama biashara yangu ina kibali. Kwa hiyo niliamua kuandika siku moja, Alhamisi iliyopita, ili ieleweke nafanya nini.

Mimi ni mtungaji. Nakata uzi uliochoka, nasafisha lulu, nazirudisha kwenye uzi mpya moja moja, na kati ya kila lulu na mwenzake napiga fundo. Nauza pia, chache. Na mtu akileta kidani kuuliza kama ni lulu kweli, namwambia ninachokiona.

Saa 11:30 alfajiri

Nyumbani, Nyalenda. Chai, sare za shule, tuktuk hadi mjini. Sijipaki mafuta mikononi na sijipulizii manukato siku za kazi, mwaka wa 11 huu. Lulu inaharibiwa na vitu hivyo hivyo tunavyojirembea navyo.

Saa 2 asubuhi

Kibanda changu kiko kwenye korido nyuma ya Oginga Odinga Street. Tunagawana kodi watatu: mimi, fundi cherehani, na kijana wa kutengeneza simu. Mimi nina upande wa dirisha, na dirisha hilo silibadilishi kwa chochote. Rangi ya lulu haisomeki chini ya balbu. Inataka mwanga wa asubuhi, kabla jua la Kisumu halijawa kali, na kitambaa cheupe kisicho na nakshi. Vifaa vyangu vinaenea kwenye kopo moja: lenzi ya mara kumi, mizani ndogo ya gramu, koleo, sindano nyembamba za waya, nyuzi za hariri. Na kitabu cha kupokelea, ambacho nitakirudia baadaye.

Saa hiyo ya kwanza nilichambua nyuzi nne za lulu za maji baridi nilizoletewa kutoka Nairobi. Zinatoka China, kama lulu nyingi sana za maji baridi duniani. Wateja huuliza kwa nini uzi mzima wa hizi ni bei nafuu, na lulu chache za baharini ni pesa ya kununua mbuzi. Jibu liko ndani ya mnyama mwenyewe. Kome mmoja wa maji baridi anaweza kubeba lulu kadhaa wa kadhaa kwa wakati mmoja. Chaza wa Japani kwa kawaida hubeba moja au mbili, na wengi hufa kabla ya kuvunwa.

Wanauliza pia, "Ni za asili au za kufugwa?" wakiwa na sura ya mtu anayetaka kukamata mwizi. Za kufugwa, nawaambia, kama karibu zote zilizo madukani. Mjapani aitwaye Kokichi Mikimoto alifaulu kuwafanya chaza watengeneze nusu lulu mwaka 1893, na lulu za mviringo kamili zilipofuata, biashara ya wapiga mbizi wa Bahrain na Ghuba yote ilianguka. Lakini kufugwa si kughushiwa. Binadamu anamwekea chaza kitu ndani, chaza ndiye anayekizungushia utando, safu juu ya safu. Ng'ombe wa zizini hatoi maziwa bandia.

Saa 3:15

Aliingia mama wa umri wa bibi yangu, leso kichwani, mkononi kikopo cha mafuta ya kujipaka. "Oyawore, mama," nikamsalimu kwa Kijaluo, nikamvutia stuli. "Oyawore ahinya, nyathina." Akamimina kikopo juu ya kitambaa changu. Kidani kilikuwa kimekatika, zimebaki shanga nyeupe na kipande cha uzi wa nailoni.

"Baba watoto alininunulia Mombasa, 1968, akifanya kazi reli. Mjukuu wangu anaolewa Jumamosi. Nataka nimvalishe lulu za babu yake."

Nilichukua moja nikaisugua taratibu kwenye ncha ya meno. Lulu ya kweli inakwaruza kidogo, kama ina mchanga laini sana. Hii iliteleza. Nikaiweka chini ya lenzi nikaangalia tundu. Pembeni mwa tundu rangi ilikuwa imebanduka kama rangi ya mlango wa zamani, na chini yake kuna kioo. Nikaangalia ya pili, ya tano, ya kumi. Huwa naangalia nyingi kuliko inavyohitajika nikiwa sitaki kusema.

"Mama, hizi si lulu. Ni kioo kilichopakwa."

Hakusema kitu. Nikampa lenzi, nikamshikia mkono ili aone mwenyewe. Nikamweleza kwamba mng'aro ule ulianza kutengenezwa Ufaransa miaka ya 1600 kwa magamba ya visamaki vya mtoni. Waliyaosha, wakapata unga unaong'aa, wakautumia kukipa kioo sura ya lulu.

"Magamba?" akasema. "Nimepara samaki ufukweni Dunga miaka 30."

Akacheka kidogo, akanyamaza tena. Kisha akauliza swali ambalo sijawahi kulizoea, na ambalo kila mjane huliuliza kwa namna yake: "Yeye alijua?"

Nikamwambia hilo halionekani kwenye lenzi.

Akazikusanya kwa kiganja, akazirudisha mbele yangu. "Zifunge hivyo hivyo. Fundo kila mahali, kama za kweli. Na bei iwe ile ile." Tulihesabu pamoja kwa sauti: 72. Nikaandika kitabuni, akatia kidole gumba.

Saa 5 kasoro

Hapa ndipo siku yangu ilipoharibika.

Mteja mmoja wa Milimani alikuja kuchukua kidani alichoniachia wiki iliyopita. Lulu nzuri kabisa, za chaza wa Japani, milimita 7, alizoletewa na mumewe kutoka safari. Uzi ulikuwa umelegea hadi unaona mwanya kati ya lulu na lulu, na mianya hiyo imejaa weusi wa poda na jasho. Nilikuwa nimemaliza kazi Jumanne usiku. Nilijivunia kazi ile. Mafundo 56, yote yamekaa shingoni mwa lulu yake, hakuna lililokaa upande.

Akakivaa mbele ya kioo changu kidogo. Akakivua. Akakivaa tena.

"Kimekuwa kifupi."

"Ndiyo, madam. Hariri ya zamani ilikuwa imevutika. Mpya imebana, itaachia kidogo kadiri unavyoivaa."

"Kilikuwa kinafika hapa." Akaonyesha. "Sasa kiko hapa. Lulu zangu ziko wapi?"

Mtu asiye wa kazi hii hawezi kujua sentensi hiyo inavyoingia mwilini. Sisi hatuna kitu kingine. Fundi cherehani akiharibu kitenge atanunua kingine. Mimi nikisemwa mara moja kwamba napunguza lulu za watu, nafunga kibanda. Nikavuta kitabu. Nikamwonyesha ukurasa: lulu 57, gramu 29.1 pamoja na kishikizo, tarehe, saini yake.

"Hiyo umeandika wewe."

"Na saini?"

"Nilitia saini nikiwa na haraka."

Basi tukahesabu. Yeye akihesabu, mimi mikono nyuma, sikugusa. Alipofika 40 na kitu simu yake ikalia, akapokea, akaanza upya. Mara ya kwanza akapata 56. "Umeona!" Mara ya pili 58. Hakusema lolote kuhusu hiyo. Mara ya tatu nikamwomba akubali nisogeze kila lulu kwa ncha ya sindano huku yeye akitaja namba. 57. Korido ilikuwa imeanza kujaa. Kijana wa simu aliacha kazi yake akasimama mlangoni, na watu waliokuja kubadilisha kioo cha simu wakasimama nyuma yake.

Mizani ikasema gramu 29.0. Nilijua atauliza. Uchafu una uzito, uzi wa zamani una uzito na mpya una wake. Sikumaliza kueleza. Alikuwa ameshampigia mumewe, akamweka kwenye spika, na sauti ya mwanamume ambaye sijawahi kumwona ikajaza kibanda ikiuliza kwa nini mkewe anabishana na mtu wa korido badala ya kwenda polisi.

Ndipo stima ikapotea. Feni ikasimama. Saa 6 kasoro, Kisumu, watu kumi na mmoja kwenye korido isiyo na hewa.

"Hesabu imetimia," akasema madam, sasa kwa sauti ya chini zaidi, na hiyo ndiyo iliyonitisha. "Basi umebadilisha. Zangu zilikuwa za manjano kidogo. Hizi ni nyeupe."

Zilikuwa zimeoshwa. Miaka yote hiyo ya poda, jasho na mafuta ya nywele ilikuwa imekaa juu yake. Jasho ni baya kwa lulu kwa sababu lina asidi, na lulu ni chokaa iliyojengwa kwa safu nyembamba. Ndiyo maana tunawaambia wateja: kivae mwisho baada ya manukato, kivue kwanza, kifute kwa kitambaa laini. Nilikuwa nimezifuta kila moja kwa maji na tone la sabuni isiyo kali. Saa mbili za kazi ambazo hazimo kwenye bei. Sasa ndizo zilikuwa ushahidi dhidi yangu.

Mzee sonara aliyenifundisha, Mungu amrehemu, alikuwa na sheria moja aliyoirudia hadi nikaichoka: usipokee lulu kabla hujaijua kwa uso. Kila kidani kikiingia, natafuta lulu yenye alama na kuandika ni ya ngapi kutoka kwenye kishikizo. Pia napiga picha, kidani kimelala juu ya kitambaa na rula pembeni. Nikafungua simu. Nikafungua kitabu, mstari wa chini: *ya 23, kidoa kama ncha ya pini, karibu na tundu, ya 41, bapa kidogo.*

Nikampa lenzi. "Hesabu mwenyewe hadi 23."

Alichukua muda mrefu. Dirisha langu ndilo pekee lililokuwa na mwanga, kwa hiyo alilazimika kuja upande wangu wa meza, karibu bega kwa bega nami, na nikasikia pumzi yake. Alipoiona hakusema. Akaenda hadi 41, akaibingirisha kati ya vidole. Akalinganisha na picha. Mumewe bado alikuwa kwenye spika akiuliza, "Eh? Eh?" Akakata simu.

"Hata hivyo kinaninyonga," akasema.

Nikamwambia naweza kumwongezea kijinyororo kidogo nyuma, bila kugusa lulu, kiwe kirefu apendavyo. Akakubali. Nikakifunga pale pale, mikono ikitetemeka, jambo ambalo halinitokei. Tulikuwa tumepatana shilingi 1,500. Alihesabu 1,200, akaziweka juu ya kitabu, juu ya saini yake, akaondoka. Hakuomba radhi. Sikumdai zile 300. Nilitaka atoke.

Kijana wa simu aliniletea soda bila kuniuliza.

Mchana

Sikumbuki saa vizuri. Nilikula nyoyo, mahindi na maharagwe, baridi nimesimama. Alikuja mvulana kutafuta "lulu ya shilingi mia tano" ya mchumba wake. Nilimpa lulu moja ya maji baridi yenye umbo la mchele kwenye kijiwaya, nikamwambia ni ya kweli ingawa si ya mviringo, na akaenda akiwa amefurahi kuliko mtu yeyote aliyeingia siku hiyo. Akina mama wawili wa kwaya walitaka jozi 24 za vipuli vya kufanana. Nikawaambia bila kuzunguka wachukue vya kioo, kwa sababu kulinganisha lulu 48 za kweli kungekuwa kazi ya mwezi na wasingeiweza bei. Stima ilirudi, ikapotea, ikarudi. Nilitunga kikuku kimoja, fundo la tisa likakaa upande, nikakata nikaanza upya. Likakaa upande tena. Mkono uliokasirika haupigi fundo. Nikaacha.

Fundo lina kazi mbili, na watu hudhani ni pambo. Uzi ukikatika barabarani, utapoteza lulu moja tu. Na lulu zisisuguane, kwa sababu ni laini mno. Mchanga wa kawaida tu unaikwaruza. Unapitisha lulu, unafunga fundo likiwa bado pana, unachomeka ncha ya sindano katikati yake, unalisukuma hadi liguse lulu, ndipo unachomoa sindano na kukaza. Ukikaza mapema sekunde moja, kuna mwanya. Ukilazimisha sana, hariri inafumuka. Na fundo likishakazwa halirudi nyuma.

Usiku

Nilibeba kikopo cha mama nyumbani, kitu ambacho sifanyi na lulu za watu. Watoto walipolala nikatandika taulo jeupe mezani, nikawasha taa ya kuchaji. Ilikuwa kama saa 4. Matundu ya kioo yana kingo kali zinazokula uzi, kwa hiyo nilitumia hariri nene zaidi na kulainisha kila tundu kwanza. Zile ambazo rangi imebanduka sana nilizipeleka nyuma, karibu na kishikizo, ambako nywele za bibi harusi zitazifunika. Kishikizo kilikuwa cha shaba, kimeota kijani. Ninacho kipya kinachofanana nacho. Nilikisugua cha zamani kwa kitambaa hadi kikashika, nikakirudisha hicho hicho.

Fundo la 30 mikono ilikuwa imetulia. La 50 mgongo ukaanza kuuma. La mwisho nililipiga mbwa wa jirani wakibweka, sijui saa ngapi.

Nikahesabu mara mbili. Nikafungua kitabu chini ya alama ya kidole gumba chake, nikaandika: *Kioo, 72. Mafundo 71. Kishikizo chake mwenyewe. Ya 8, rangi imebanduka umbo la mbegu ya papai.* Nikapiga picha na rula pembeni.