Mkono wa Idi wenye kurasa

Mimi ni mtu wa Voi, lakini Likoni ndiko nilikowalea wanangu. Wenzangu wa kusoma ni wawili, wote Waislamu wa Mji wa Kale, Mombasa: shoga yangu anayeuza leso, na Mwalimu, mzee mstaafu aliyefundisha Kiswahili miaka mingi. Idi ikifika nawapelekea vitabu. Krismasi ikifika, wao huniletea mimi. Watoto wa mtaani wanaobisha hodi na kanzu mpya wakitaka mkono wa Idi, nawapa shilingi 20 kila mmoja wakaende zao. Wa hawa wawili lazima uwe na kurasa.

Tuna sharti moja tu: hutoi kitabu ambacho hujakisoma. Lilitokana na kosa langu. Mwaka mmoja, kumi la mwisho la Ramadhani, niliingia dukani mbiombio, nikachukua riwaya nene yenye jalada la kupendeza, nikampa shoga yangu vivyo hivyo. Wiki mbili baadaye akanipigia simu usiku, sauti imemkauka kwa kulia. "Shoga, wewe ulifanyaje ulipofika pale mama anaporudi?" Sikuwa na la kumjibu. Alikuwa amepita mahali pazito akiamini kwamba mimi nilitangulia, kumbe alikuwa peke yake. Niliona haya ambayo hadi leo nikiikumbuka natazama chini.

Kitabu cha Krismasi hutakiwa niwe nimekimaliza Idi ikiingia, maana siku hiyo, baada ya biriani, ndipo tunapokaa kukizungumza. Sasa mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku kama 11, kwa hivyo Idi inazidi kurudi nyuma na muda wangu unapungua. Mwaka 2018 iliangukia katikati ya Juni, nikawa na karibu miezi sita. Mwaka 2025 ilikuwa mwisho wa Machi: miezi mitatu tu, na ndani yake kuna Januari na karo zake. Nasoma kwenye feri. Ikichelewa, watu wakaanza kunung'unika, mimi nafungua ukurasa mwingine.

Krismasi iliyopita Mwalimu alinipa nakala yake mwenyewe ya Sauti ya Dhiki, mashairi ya Abdilatif Abdalla, mwana wa Mombasa aliyefungwa mwaka 1969 kwa kuandika karatasi iliyouliza Kenya inakwenda wapi. Aliyatunga gerezani, akiyaandika kwenye karatasi za choo, na kitabu kikatoka mwaka 1973. Nilikipokea kimefungwa kwa leso. Unyevu wa pwani umekitia madoa ya kahawia pembeni, na kila baada ya kurasa kadhaa kuna karafuu mbili tatu za kufukuza wadudu, kwa hivyo ukikifungua kinanukia kama pilau.

Lakini kilichonishika ni pambizo. Mimi Kiswahili changu ni cha shule, na mashairi haya yana Kimvita, lahaja ya Mombasa. Mwalimu alijua nitakwama. Alipita kitabu kizima na penseli akinifafanulia: mato ni macho, nti ni nchi, ndia ni njia. Herufi zake ni kubwa kuliko zilizochapwa, na kuelekea mwisho zinapanda na kushuka nje ya mstari. Shoga yangu ndiye aliyeniambia kwamba Mwalimu ana mtoto wa jicho, na kazi ile ilimchukua miezi minne, akikaa barazani asubuhi tu, jua likiwa zuri.

Nilikuwa nimeshamchagulia riwaya ya Idi. Nikairudisha kabatini. Siku ya Idi nilimwambia, "Mwalimu, mkono wako mwaka huu ni mimi na kitabu chako. Nitakuja kila Jumamosi baada ya Alasiri nikusomee." Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama nitavumilia kukosolewa.

Jumamosi iliyopita ilikuwa ya tatu. Kahawa imemiminwa, yeye kafumba macho, nami nasoma nikidhani mambo yanakwenda vizuri. Akainua kidole. "Umesema njia. Yeye kasema ndia. Anza tena ubeti huo, mwanangu."

Nikaanza tena.