Zabibu, Mlenda na Samaki wa Mtera: Safari ya Kula Mkoani Dodoma

Wageni wengi wanaopita Dodoma huondoka na mfuko wa zabibu walizonunua kwenye dirisha la basi, na kwa kawaida huishia hapo. Mimi na mume wangu, ambao tulihamia hapa serikali ilipohamishia ofisi zake, hatukuwa na tofauti kubwa nao: tulikuwa tukinywa mvinyo wa Dodoma mjini bila kufika kwenye shamba hata moja unakotoka. Mwezi wa Agosti, mavuno ya kiangazi yalipoanza, tuliamua kutumia mwisho wa juma kwa safari ya gari isiyo na shughuli nyingine isipokuwa kula na kunywa, kwanza Hombolo, kisha barabara ya Iringa hadi Mtera. Tulikubaliana kwamba aliyeshika usukani haonji, na kwamba kila mvinyo tutakaoununua utanywewa na chakula cha mkoa huu, wala si na chipsi.

Sharti la pili lilikuwa langu. Kwenye kumbi za mjini mvinyo wa hapa huletwa mezani pamoja na vyakula ambavyo ungevipata popote pale, na huko vijijini mkulima huuza zabibu zake zote, kisha akaketi kula ugali kwa maji ya kunywa. Mzabibu na uwele huota katika udongo mmoja, lakini sijapata kuona vikikutanishwa katika mlo mmoja.

Kwenda Hombolo tuliiacha barabara ya Morogoro pale Ihumwa. Mashamba huanza kuonekana ghafla katikati ya vichaka vikavu: safu ndefu za nguzo na waya, majani mabichi, na mipira ya kumwagilia iliyolazwa juu ya mchanga mwekundu. Wavunaji walikuwa wameanza kazi alfajiri, kwa sababu zabibu iliyokatwa juani hupoteza ubora kabla haijafika kiwandani. Mwenye shamba, mama mtu mzima aliyetuita wanangu tangu tulipomwamkia, alinikabidhi kichala cha zabibu nyekundu za aina ya Makutupora. Punje zake ni ndogo, zimebanana kiasi kwamba kidole hakipenyi, na ganda lake ni nene. Nilipoiminya moja, rangi iliingia kwenye mistari ya kiganja na sabuni ya usiku ule haikuitoa. Tunda lenyewe ni tamu mwanzoni, kisha ukakasi wa ganda na kokwa hubaki ulimini. Safu za upande wa pili zilikuwa za Chenin Blanc, ambayo ndiyo huwapa watu wa hapa mvinyo mweupe.

Nilimuuliza inawezekanaje mzabibu mmoja kuvunwa mara mbili kwa mwaka, naye alijibu kwa kunyoosha mkasi. Katika nchi za baridi kama Italia mzabibu hupukutisha majani na kupumzika wakati wa kipupwe, lakini hapa hakuna baridi ya kuulaza, hivyo mkulima ndiye anayeupangia ratiba: akiupogoa na kuumwagilia, baada ya takribani miezi minne anavuna. Mavuno ya kwanza huangukia kati ya Februari na Aprili, na ya pili Agosti na Septemba. Yeye huyapenda zaidi haya ya pili, kwa kuwa wakati wa masika ubwiri, ugonjwa wa ukungu, hushambulia majani na matunda, gharama za dawa hupanda, na mvua hupunguza sukari kwenye punje. Adha yake kubwa, alisema, ni soko, kwani zabibu ikishaiva haimsubiri mnunuzi. Ndiyo maana wasindikaji wadogo wa maeneo haya huzikamua na kuuza mchuzi wa zabibu, yaani juisi ya kutengenezea mvinyo, kwa jumla kwenye viwanda vikubwa, na ndiyo maana pia harufu ya chachu hukupokea kwenye baadhi ya nyua kabla mwenyeji hajakukaribisha.

Jioni hiyo, kwa mama ntilie mmoja asiye mbali na bwawa la Hombolo, tuliagiza ugali wa uwele, mlenda uliotiwa karanga, na kambare wa mchuzi. Mvinyo mwekundu ulishindwa kabisa mbele ya mlenda. Ule utelezi huufunika ulimi, ukakasi ukakosa mahali pa kushika, na kilichobaki mdomoni kilikuwa kama maji yenye rangi. Mweupe, uliokuwa umepozwa kwenye ndoo ya barafu tuliyotoka nayo mjini, ulifanya kazi tofauti, kwa maana uchachu wake uliukata utelezi na kuuacha mdomo ukitamani tonge jingine. Kwa kambare ulikuwa mzuri zaidi. Mama ntilie alionja kijiko kimoja, akatikisa kichwa, akasema angependa kiongezwe sukari.

Kesho yake usukani ulikuwa wa mume wangu. Tulisimama Bihawana, ambako wamisionari wa Kikatoliki walipanda mizabibu katika miaka ya 1950. Kilimo kilichoanzia kwenye haja ya divai ya misa kimekuwa zao la biashara la mkoa mzima. Hatukukaa sana, kwani jua lilikuwa kali na Mpunguzi palikuwa na mbuzi wa kuchoma.

Hapo ndipo mwekundu uliporudisha heshima yake. Mbuzi wa huku hula majani ya vichaka vya nchi kavu, na nyama yake ni ngumu kidogo, yenye ladha nzito. Ukiipaka chumvi tu na kuacha mafuta ya ubavu yaungue kidogo, mvinyo mkavu wa Makutupora huyasafisha mafuta hayo vizuri mno. Kachumbari yenye ndimu iweke kando, kwa sababu huufanya mvinyo wowote uonekane umeharibika. Mume wangu, aliyekuwa na soda mkononi, alinitazama kwa muda kisha akasema, "Mama Amani, bakiza."

Nilibakiza. Tulipita Fufu na Chipogolo, mibuyu isiyo na majani pande zote mbili, hadi bwawa la Mtera kwenye Mto Ruaha Mkuu, mpakani na Iringa. Kando ya barabara wanawake hukaanga perege wazima, waliochanjwa ubavuni ili chumvi iingie. Tulilala huko, hivyo safari hii tulikunywa sote wawili. Perege wa moto, ngozi ikivunjika kwa kidole, pamoja na Chenin Blanc baridi: katika yote tuliyokula, huu ndio mlo ambao ningeendesha gari tena kuufuata, na ninaona ajabu kwamba hakuna mgahawa mjini unaouandika kwenye orodha yake.

Tuliporudi tulinunua ndoo ya zabibu nyekundu za mvinyo, ingawa muuzaji alituonya kwamba hizo si za kula mezani. Mume wangu alizikamua kwa mikono usiku huohuo pamoja na maganda yake. Mchuzi unachacha sasa jikoni, na amepiga marufuku mtu yeyote kufunua kitambaa isipokuwa yeye.