Bibi aliuliza hela zake ziko wapi

Mwaka jana mwezi wa nane, Jumapili saa kumi jioni, nilisimama chini ya mwarobaini nyumbani kwa mwenyekiti wetu, hapa Nkuhungu, Dodoma, nikashindwa kuongea. Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha hisa. Tuko 30, wengi wetu wauza sokoni, hisa moja ni shilingi 5,000, na kila Desemba tunagawana. Sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti.

Jumamosi yake kikundi cha mtaa wa pili kilikuwa kimevunjika vibaya. Waliokabidhiwa sanduku walizima simu. Kulipokucha, habari ilikuwa imeshatuvaa na sisi. Watu walikuja na vitabu vyao mkononi, hata wale ambao kila wiki huchelewa na kutozwa faini. Hawakukaa. Walitaka kutoa hisa zao siku hiyohiyo.

Nikasema, "Jamani, niaminini. Mnanijua. Miaka 14 nauza karanga na ufuta Majengo, sijamdhulumu mtu." Sauti ikanikatika, machozi yakanilengalenga. Ndipo bibi mmoja wa Kigogo, anayekaa kwa binti yake karibu na kwangu, akasema taratibu, "Mwanangu, sikuulizi wewe ni mtu gani. Nauliza hela zangu ziko wapi."

Sikuwa na jibu la kumpa, ingawa leja ilikuwa mkononi mwangu. Mwenyekiti akaomba wiki moja.

Wiki hiyo kijana wangu anayesoma UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, alikuja nyumbani na kazi ya darasani kuhusu hotuba za viongozi. Aliponisikia nikilalamika, akaniwekea kwenye simu sauti ya Franklin Roosevelt, rais wa Marekani, ya tarehe 12 Machi 1933. Kiingereza changu ni cha kusoma bango, kwa hiyo alikuwa anasimamisha kila sentensi na kunitafsiria. Hotuba yenyewe haifiki robo saa. Sisi ilituchukua jioni nzima, na tangu hapo nimeirudia mara nyingi.

Mambo yalikuwa hivi. Tangu uchumi wao uanguke mwaka 1929, maelfu ya benki Marekani zilikuwa zimekufa. Roosevelt aliapishwa tarehe 4 Machi 1933, watu wakiwa foleni wanatoa akiba zao na kuzificha majumbani. Siku mbili baadaye akafunga benki zote za nchi. Tarehe 9 Bunge likapitisha sheria ya kuiruhusu serikali kuzikagua na kufungua zile zilizo nzima. Jumapili saa nne usiku akaingia redioni, kwa sababu kesho yake asubuhi benki za kwanza zilikuwa zinafunguliwa, na hakuna sheria ya kumlazimisha mtu arudishe hela aliyoifukia.

Nilitegemea kusikia maneno makubwa. Sisi tumelelewa na sauti ya Mwalimu ya mwaka 1978, uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Hadi leo nikiisikia nywele zinanisimama. Roosevelt usiku ule hakupaza sauti. Alisema anataka kuongea dakika chache na wananchi kuhusu benki. Halafu akaanza na jambo ambalo mtu angedhani kila mmoja analijua: ukiweka hela benki, benki haiendi kuifungia stoo. Inaikopesha, inaizungusha, na inayobaki mkononi ni kidogo tu, ya kuwatosha wanaokuja kutoa siku za kawaida. Wote wakija siku moja, hata benki nzima haiwezi kuwalipa wote papo hapo.

Hapo nilimwambia kijana asimamishe. Lilikuwa ni swali la bibi, na yule mtu alikuwa amelijibu mwanzoni kabisa, kabla hajaomba kuaminiwa. Mimi nilianza na kuomba kuaminiwa, nikaishia hapohapo. Yeye ombi lake liko karibu na mwisho. Ndipo anawaambia wawe na imani, wasikimbizwe na uvumi, na kwamba tatizo hili ni lao kama lilivyo lake.

Kabla kidogo ya ombi hilo anasema neno ambalo mimi ningeogopa kulisema. Anakiri kwamba hawaahidi kuwa kila benki itafunguliwa, wala kwamba hakuna atakayepoteza. Anachoahidi ni kuzuia kila hasara inayoweza kuzuilika. Na kabla ya hilo alikuwa ameshawaambia hela ni salama zaidi kwenye benki iliyofunguliwa tena kuliko chini ya godoro. Kulipokucha watu walipanga foleni tena, safari hii wakirudisha. Ndani ya wiki mbili zaidi ya nusu ya fedha zilizokuwa zimefichwa zilikuwa zimerudi.

Maongezi yale watu wa redio waliyaita ya kando ya moto, na aliyafanya kama mara thelathini hadi mwaka 1944. Frances Perkins, waziri wake wa kazi na mwanamke wa kwanza kuwa waziri nchini humo, alimtazama akihutubia redioni. Alisimulia kwamba Roosevelt alikuwa anatikisa kichwa, mikono inacheza, anatabasamu, kana kwamba amekaa nao barazani. Nalipenda sana hilo. Mtu ambaye polio ilimnyang'anya miguu tangu 1921, anatabasamia watu asiowaona.

Lakini ile hotuba peke yake isingetosha. Benki zilikaguliwa kweli, mbovu zikabaki zimefungwa, na mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya bima ya amana, kwamba benki ikifa mwenye akiba ndogo analipwa. Na sisi tuna Bodi ya Bima ya Amana kwa wateja wa benki, ila vikundi vyetu vya mtaani haviguswi. Kwangu mimi urithi mkubwa wa Roosevelt uko kwenye ukaguzi ule na sheria ile. Lipo na jingine linaloniuma: Februari 1942 Roosevelt huyohuyo alitia saini amri iliyowatoa makwao watu kama 120,000 wenye asili ya Japani, wengi wao raia wa Marekani, wakafungiwa kambini bila kosa. Sauti niliyojifunza kwayo ni ya mtu aliyefanya hayo pia, na siwezi kuyaruka.

Basi wiki ile mimi na wenzangu watatu wa funguo tulizunguka kwa wakopaji wote 11. Tulitembea Nkuhungu, Majengo, hadi Ihumwa, kila mmoja akasaini upya deni lake mbele yetu. Jumapili nikasimama tena chini ya mwarobaini. Nikasalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," wakaitikia kwa shingo upande. Sikujieleza. Nikasema, "Bibi aliuliza hela ziko wapi. Sandukuni zimo 640,000. Milioni saba na laki nane ziko nje, kwa wenzetu, na riba yake ndiyo tunayogawana Desemba." Nikasoma deni moja moja. Mtaji wa mbogamboga. Cherehani. Mbegu za alizeti. Bodaboda inayolipiwa bado. Kisha nikasema lile la kuogopesha: mikopo miwili imechelewa, mmoja tutaupata Oktoba, na mwingine sijui kama utarudi wote. Watu wakanyamaza, nikadhani nimeharibu.

Tukafungua kufuli tatu, sanduku likahesabiwa mbele ya wote. Wanne walisema bado wanatoka. Tukawalipa palepale, sandukuni zikabaki 95,000. Bibi akaomba kitabu chake kisomwe kwa sauti, hisa kwa hisa, akawa anahesabu kwa vidole. Nilipomaliza akafungua fundo la khanga, akatoa noti ya elfu tano iliyokunjwa kama hirizi.

"Andika moja," akasema. "Na ule mkopo wa pili, nitakwenda nawe kuudai."