Mti Uliokuwa Ukiwaka na Kuzima

Kutoka Kuala Lumpur hadi Kampung Kuantan, kijiji cha Malaysia nilichokwenda kuona vimulimuli, ni mwendo wa saa moja na ushei kwa gari, na mimi nilisinzia njia nzima. Nilipoamka giza lilishaingia, na mzee mmoja ananivalisha jaketi okozi. Nikamwita pakcik, ndiyo mjomba ya Kimalay.

Mtumbwi hauna mashine, ni kasia tu. Kabla ya vimulimuli niliitambua miti: mizizi imechomoza matopeni kama vidole. Mtoto wa Tanga haipotezi hiyo. Wao wanauita berembang, ni ndugu wa mlilana wetu tunaochongea mataruma ya majahazi.

Mara mti mzima ukawaka. Ukazima. Ukawaka tena. Kwetu kimulimuli huruka juu ya majaruba na kumeta kivyake. Hawa wa Mto Selangor wametulia majanini, mwako mmoja, kama wapiga dufu kwenye maulidi.

Kwa Kiingereza chake na changu, vyote vya kuunga-unga, mjomba alinieleza kuwa wanaokwenda sawa ni madume. Dume ana pingili mbili za taa tumboni, jike ana moja, na jike hafuati mdundo wa mtu. Madume wakimeta pamoja mti unaonekana toka mbali. Jike anakuja, halafu anachagua.

Mmoja akatua kiganjani mwangu, mdogo kama punje ya mchele. Nikangoja joto, wapi! Ndani mwake kemikali iitwayo lusiferini inakutana na oksijeni, na mwanga unatoka bila joto la kuhisika. Balbu ya nyumbani kwangu ingeona haya.

Hapo nikajisahau, nikatoa simu nipige picha, taa yake ikawaka. Mjomba akaifunika kwa kiganja bila kusema neno. Tulikaa kimya tukiutazama mti mpaka nikaacha kuona aibu.

Kurudi, alinionyesha michikichi iliyosogea kando ya mto. Viluwiluwi vya vimulimuli hula konokono wa matopeni. Ukingo ukifyekwa, konokono hawapo, na berembang itabaki giza.

Kwenye barabara kuu gari la polisi likatupita, vimulimuli vyake vinazunguka juu. Nikacheka peke yangu. Dereva akanitazama kwenye kioo, akaongeza sauti ya redio.