Maharage, magadi na maji ya Meru: kula vya asili kati ya Moshi na Arusha

Kutoka Moshi hadi Arusha ni kama kilomita 80, na chakula cha asili hakikuachi njia nzima. Upande wa Uchagani kuna mtori na kiburu (ndizi zilizopikwa na maharage), ukiingia kwa Wameru unakuta loshoro na makande, na soko la Tengeru siku za Jumatano na Jumamosi limejaa ndizi za kila aina. Ni chakula kizuri, hakina ubishi. Lakini mtu anayesifia vya asili bila kuuliza vimepikwa kwa maji gani na vimetiwa nini ameangalia nusu tu ya sahani. Ukanda huu nusu ya pili ni floraidi, madini yanayokuja na maji.

Chanzo chake ni mlima. Meru ni volkano, mara ya mwisho ilitoa majivu mwaka 1910, na miamba yake ina madini mengi ya floraidi ambayo maji huyayeyusha yakipita ardhini. Ndiyo maana Ngarenanyuki, Maji ya Chai na vijiji vingi vya Arumeru vina maji yanayozidi mara kadhaa miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. (Tanzania yenyewe iliruhusu hadi miligramu 4 kwa miaka mingi, kwa sababu vyanzo vya chini ya hapo vilikuwa havipatikani kirahisi.) Chemchemi za juu Uchagani kwa kawaida ziko salama zaidi. Mtoto anayekunywa maji yenye floraidi nyingi kabla ya kufika miaka minane hivi, wakati meno ya utu uzima yanajengeka ndani ya fizi, huota meno yenye madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki. Kiwango kikiwa kikubwa sana kwa miaka mingi, mifupa nayo huathirika: matege kwa watoto, mgongo na viungo kukakamaa kwa wazee. Mtu mzima aliyekuja wiki mbili kutalii hana cha kuogopa. Familia iliyohamia na mtoto wa miaka miwili inacho.

Kosa linalorudiwa kila siku ni kuchemsha. Kuchemsha kunaua vijidudu, basi. Floraidi haiondoki na mvuke. Maji yanapungua, floraidi inabaki sufuriani. Sasa fikiria loshoro: mahindi yaliyokobolewa yanachemka saa tatu au nne, maji yanakauka, unaongeza, yanakauka tena, unaongeza. Floraidi ya maji yote hayo inaishia kwenye mahindi. Bahati nzuri loshoro huliwa na maziwa mgando, na kalisi ya maziwa huzuia sehemu ya floraidi isiingie mwilini. Makande ya kawaida hayana kinga hiyo. Vidonge vya klorini, kitambaa, mchanga na ule mshumaa wa udongo wa kuchujia havisaidii kitu hapa.

Halafu kuna magadi, yanayotiwa ili chakula kilainike haraka. Yale mawe ya kijivu au meupe yanayouzwa kwa mafungu sokoni mengi hutoka Ziwa Natron, na yenyewe huja na floraidi yake. Kiasi kinatofautiana sana kati ya fungu na fungu, na kwa macho hutambui. Kwa hiyo hata mpishi wa mahali penye maji safi kabisa anaweza kumlisha mwanawe floraidi kupitia kiburu na maharage. Magadi pia huharibu vitamini B1 ya maharage. Dalili za magadi mezani: maganda yameyeyuka, mchuzi mzito wenye rangi iliyokolea, na yakizidi, ladha ya sabuni. Ukiwa mgahawani uliza tu, "Mama, maharage haya yametiwa magadi?" Hakuna anayechukia swali hilo.

Tusimlaumu mpishi, maana magadi yanaokoa mkaa, na mkaa ni pesa na ni miti. Anayetaka watu waache magadi lazima awape njia nyingine ya kupunguza moto. Hii inafanya kazi:

Chagua kilo moja ya maharage, yaloweke kwenye lita tatu za maji kwa saa 8 hadi 12, kisha mwaga maji hayo. Weka maji mapya yazidi maharage kwa vidole vitatu. Yachemke kwa nguvu, mapovu yakipanda, dakika 10 bila kupunguza. Hapa hakuna mjadala, hasa kwa maharage mekundu, kwa kuwa yana sumu ambayo moto mdogo hauivunji. Endelea dakika 20 nyingine, funika, kisha sufuria nzima uitie kwenye kapu lililojazwa blanketi au nguo kuukuu, ulifunike vizuri na uliache saa tatu au nne. Ukiyarudisha jikoni yamebakiza kidogo tu. Nyanya na ndimu subiri hadi yaive, kwani uchachu huyafanya yagome kulainika. Yakigoma hata hivyo, huenda ni maharage ya msimu uliopita yaliyokaa kwenye joto na unyevu. Muulize muuzaji yamevunwa lini.

Kwa maji, kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimefanya kazi miaka mingi na mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao huchuja floraidi kwenye maji. Mifupa huchomwa kwenye hewa chache, kwenye nyuzi 400 hadi 600 hivi, kisha husagwa kuwa chenga. Chenga nyeusi ndizo nzuri. Za kahawia hazikuiva, zitatia maji harufu na rangi. Nyeupe zimeungua kupita kiasi na hazishiki floraidi sawasawa. Ubaya wa chujio hili ni kwamba likichoka halitoi taarifa: maji yanatoka maangavu na matamu vilevile, ila floraidi imo. Bila kupimisha maji mara kwa mara unajidanganya.

Mvua ni rahisi kuliko vyote, haina floraidi. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Ukitoa hasara, hesabu asilimia 80. Paa la mita za mraba 40 na mvua ya milimita 10 ni lita 320. Mwaga maji ya dakika za mwanzo, yamebeba vumbi na kinyesi cha ndege, kisha elekeza gata kwenye simtanki lenye kifuniko na wavu wa kuzuia mbu. Usiyatumie kufulia. Yatunze kwa kunywa, uji wa mtoto, chai na kuchemshia maharage, na bado uyachemshe kabla ya kunywa. Mtu mmoja hunywa na kupikia kama lita tano kwa siku, kwa hiyo lita 320 zinawatosha watu wanne kama siku 16.